Mlishe Kwanza, Ndipo Umchore

Juzi kijana mmoja wa Arusha ameniandikia: “Kaka, nimetazama video zaidi ya 40 za kuchora farasi, bado farasi wangu wamekaa kama meza zenye shingo. Nifanyeje?”

Mdogo wangu, ujumbe wako umenikuta na furaha. Machi hii, hapa Great Falls, katika jimbo la Montana, Marekani, nimeuza picha yangu ya kwanza ya kauboi na farasi wake. Kila mwaka mwezi huo, karibu na tarehe 19 aliyozaliwa Charles Russell, mchoraji maarufu wa makauboi, mji huu hufurika wachoraji na wanunuzi, na hata vyumba vya hoteli hugeuzwa maduka ya picha. Yangu ilitundikwa juu ya kitanda kilichoegemezwa ukutani. Mama mmoja mfugaji aliitazama muda mrefu, kisha akasema, “Huyu farasi amechoka.” Akainunua. Maneno yale nimeyathamini kuliko pesa.

Lakini kwanza niungame. Nikiwa Dar es Salaam nilichora tembo miaka sita, kwa mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Mtindo ule umenilisha na siudharau. Ila tembo hai sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilimwiga tembo wa mwenzangu, naye alikuwa amemwiga wa mwalimu wake. Nilipofika Montana nikaendelea vilevile na farasi, nikinakili picha za kwenye simu.

Kilichonibadilisha ni kibarua cha kulisha farasi kwenye ranchi. Nitakusimulia Januari tu. Nyuzi 30 chini ya sifuri, saa kumi na mbili asubuhi, giza, unavunja barafu kwenye hori la maji kwa shoka. Farasi wameupa upepo mgongo, mikia wameibana, singa zao zimeganda. Mmoja kati yao, jike jekundu la makamo, alikuwa akipumzisha mguu mmoja wa nyuma: ncha ya kwato inagusa theluji kidogo tu, na nyonga ya upande ule imeshuka. Nilimwona hivyo kila siku kwa wiki nyingi kabla sijaelewa kwamba huo ndio uchovu wa farasi. Haukai usoni. Unakaa nyongani. Video zile 40 hazikukuambia hilo kwa sababu aliyezirekodi hakuwa na baridi.

Russell alilijua. Alizaliwa St. Louis mwaka 1864, akaja Montana mwaka 1880 akiwa na miaka 16, na kwa takriban miaka 11 alifanya kazi ya ukauboi. Alichunga ng'ombe usiku, mchana akapata nafasi ya kutazama wenzake wakifanya kazi, na kuchora. Majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 mifugo ilikufa ovyo. Tajiri mwenye ng'ombe akataka habari za mifugo yake. Barua ikashindikana, Russell akachora, kwa rangi za maji, kwenye karatasi ndogo kama postikadi: ng'ombe mmoja mbavu nje, amesimama kwenye theluji, mbwa mwitu wanamngojea aanguke. Ikapelekwa hiyo badala ya barua. Ndiyo iliyoanza kumpa jina.

Nimekwenda pia Helena, makao makuu ya Montana, kuona picha yake kubwa ya mwaka 1912 katika ukumbi wa wabunge wa jimbo, futi 12 kwa 25. Lewis na Clark, wasafiri wakubwa wa historia ya Wamarekani, amewaweka pembeni, mbali. Waliojaa mbele ni Wasalish, wenyeji wa asili wa nchi ile, juu ya farasi wao, shoti, vumbi na shingo zimepinda. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina shida.

Sasa nikuambie linaloniuma. Kabla ya Machi hii nilipeleka picha kwenye jumba moja la sanaa. Mwenye jumba akazipitia haraka, akaniuliza simba wako wapi. Mtu kutoka Tanzania, aliona, achore simba. Nilizifunga picha zangu nikaondoka, na siku tatu sikushika brashi. Mdogo wangu, utaulizwa swali hilo. Usilipe nafasi. Mkono uliolisha mnyama una haki ya kumchora, uwe umezaliwa Montana au Tanga.

Miguu wakati wa shoti inawashinda wengi. Wachoraji wa zamani walimchora farasi amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Mwaka 1878 kamera za mpiga picha Muybridge kule California zilionyesha kwamba kwato zote nne zinapokuwa hewani, miguu imekunjwa chini ya tumbo. Zitazame picha hizo, lakini baada ya kumtazama mnyama, si kabla.

Bei je? Mimi nilitaja ndogo kwa woga, na nimejuta. Picha za Russell zilipanda bei pale mkewe Nancy aliposhika mazungumzo na wateja. Tafuta ndugu asiye na woga azungumze kwa niaba yako.

Utasema Arusha farasi utamtoa wapi. Punda wapo, wanabeba maji kila asubuhi. Omba kwa mwenye punda umsaidie kulisha mwezi mmoja, bila simu mkononi. Kama rangi ni ghali, finyanga udongo. Russell mwenyewe alitembea na nta mfukoni, na vidole vilimfinyanga farasi huku mdomo ukipiga hadithi. Kisha nichoree kitu kimoja tu: mguu wa nyuma wa punda aliyetoka kushusha mzigo, kuanzia nyonga hadi kwato. Nitumie. Nitautazama kabla ya picha zangu mwenyewe.