Jibu: Kanzu ya tetroni kutoka kambani na mikunjo

Salaam aleikum dada. Umesema kanzu za mumeo za tetroni, yaani kitambaa chenye nyuzi za poliesta, ulizouziwa kwamba hazitaki pasi, zatoka kambani zimejikunja. Kwanza angalia maji. Ukifua kwa maji moto kisha ukakamua, tetroni hupoa na mkunjo ule ule ndani yake. Mimi hapa Lamu hufua kwa maji baridi, nasuuza, naitundika kwenye hanga ingali yachuruzika, vifungo vyote vimefungwa. Kola naivuta kwa vidole, pindo nalinyoosha kwa kiganja. Uzito wa maji ndio pasi yenyewe. Kusi ikivuma, haichukui muda kukauka, hata kivulini. Lakini lebo ikisema pamba tupu, isiyotiwa dawa ya kuzuia mikunjo, pasi utaihitaji.