Paka wako hakuoni bosi, anakuona paka mwenzake

Kila nikisema nafuga paka ndani lazima atokee mtu wa kuniambia paka mnafiki, anapenda dagaa zako tu, wewe mwenyewe hana habari na wewe. Mi nakataa kabisa. Nimekua na paka tangu niko kwa bibi Tanga na ninavyowaona, paka anakuchukulia kama paka mwenzake, ila jitu kubwa hivi, zito, hata panya halijui kukamata.

Na sio mimi peke yangu, John Bradshaw, mtafiti wa tabia za wanyama wa Chuo Kikuu cha Bristol kule Uingereza, kaandika kitabu mwaka 2013 anasema paka wanavyotufanyia sisi ndo vilevile wanavyofanyiana wao kwa wao. Angalia ukirudi jioni, anakuja mkia umesimama wima, ncha imejikunja kidogo, anajisugua miguuni, hiyo ni salamu ya paka kwa paka anayemuamini. Sasa salamu si inaitikiwa jamani? Inama, mpe mkono anuse kwanza, ndo umkune shavuni. Watu wanamnyanyua juujuu kama furushi halafu wakiparurwa wanalalamika eti paka mbaya.

Usiku akipanda tumboni anakukanda kama anasonga ugali, usimsukume. Hiyo katoka nayo utotoni, kitoto kikinyonya kinakanda ziwa la mama yake maziwa yatoke. Kucha zikichoma weka kanga katikati.

Kingine, acheni kuwakodolea macho, kwao huo ni ugomvi. Mtazame kiupole, fumba macho taratibu, fumbua, subiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walilijaribu hili wakatoa majibu 2020, ukimfanyia hivyo paka anakurudishia zaidi, na hata mgeni akifanya hivyo wanamsogelea zaidi. Wangu ananijibu akiwa juu ya friji, akiwa na mudi lakini.

Jina lake pia analijua, Japani walishapima hilo 2019, kwahiyo akiitwa akakausha, kasikia huyo ila hajaona sababu ya kuja. Ndo maana jina la paka usilitumie kumfokea, liite wakati wa msosi na wa kubembeleza tu.

Na akikuletea mjusi aliyekufa mlangoni usipige kelele wala usimchape, hatakuelewa. Subiri aondoke, uzoe na gazeti ukatupe, unawe na sabuni.