Barua kwa mwanangu: boriti kwanza, kisha kibanzi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma polepole. Unasema mwenzako wa kwaya amezoea kusengenya, maneno yake yamewagombanisha watu waliokuwa wakielewana, na moyo unakusukuma umwonye. Ulipowadokeza wengine, mmoja akakukata kauli: "Biblia inasema msihukumu." Nawe unakiri kwamba ulimi wako pia huteleza. Ndipo ukauliza: "Mama, ninyamaze mpaka niwe mkamilifu? Si nitakufa sijamwonya mtu?"

Hapana, mwanangu, hukukatazwa kumwonya. Aliyekunyamazisha aliishia kwenye mstari wa 1 wa Mathayo sura ya 7, hakufika wa 5. Pale Bwana Yesu anasema: "Mnafiki wewe, itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kwa hiyo kibanzi kitolewe, kinamuumiza aliye nacho. Anachokikemea Bwana ni mtu asiyeona kutia kidole katika jicho la mwenzake. Hata akiwa na nia njema, atalijeruhi.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine. Barua yako karibu yote inamhusu yeye: alisema nini, kwa nani, nani akaumia. Ulimi wako umepata mstari mmoja tu. Tena yote haya umeniambia mimi, na kabla yangu uliwadokeza wengine, ila yeye mwenyewe bado hajasikia neno kutoka kwako. Mwanangu, huko nako ni kusengenya, hata kama kumevaa joho la kujali. Sikusemi ili uone haya. Nataka uone jinsi boriti inavyoweza kukaa jichoni bila mwenyewe kuihisi.

Mfikirie Daudi, katika 2 Samweli sura ya 12. Nabii Nathani anamsimulia habari za tajiri aliyekuwa na makundi ya kondoo, akamnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi anawaka hasira. Torati ilisema mwizi wa kondoo alipe kondoo wanne kwa mmoja, na Daudi anaitaja adhabu hiyo, lakini kabla ya kuitaja anasema mtu huyo anastahili kufa. Kufa, kwa ajili ya kondoo! Nathani anamjibu, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, askari wake, kisha akamwua Uria. Muda mrefu kabla yake Yuda, mwana wa Yakobo, naye aliposikia kwamba Tamari, mkwewe, ana mimba ya uasherati, aliamuru atolewe ateketezwe, mpaka Tamari alipomwonyesha muhuri, kamba na fimbo yake mwenyewe Yuda, alivyompa siku alipolala naye bila kumtambua.

Watu hawa wawili nimewatafakari sana, na naona jambo moja linalowaunganisha. Wote walitoa hukumu nzito kupita kiasi, na kosa walilolihukumu lilikuwa la nasaba moja na lile walilolificha. Hatia isiyoungamwa haimfanyi mtu awe mpole kwa wakosaji wenzake. Aghalabu humfanya awe mkali zaidi, maana kila anapompiga mwingine anapata nafuu kidogo juu ya nafsi yake. Kwa hiyo ukitaka kujua pa kuanzia kujichunguza, anza na kosa la mtu linalokuchemsha damu kuliko mengine yote. Si kila hasira ni unafiki, la hasha; ipo hasira ya haki. Lakini ile inayokufanya utamani mtu aaibike, hiyo ikague vizuri.

Ninachowapendea Daudi na Yuda ni kwamba walipoonyeshwa hawakubishana. Daudi alisema amemfanyia Bwana dhambi. Yuda alisema, "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi."

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba kujichunguza ni kujifungia chumbani na kujikagua mpaka ukate tamaa. Peke yetu hatuwezi. Mwandishi wa Zaburi ya 19 anauliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake, na yule wa Zaburi ya 139 hasemi "nitajichunguza", anasema, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Omba hivyo, kisha kaa uyataje unayoonyeshwa kwa majina yake: nilisema hivi juu ya fulani, sikuwa na hakika, nami nilifurahia kusema. Pale ambapo mtu aliumizwa na maneno yako, nenda ukatengeneze. Mara nyingi boriti hutoka kwa miguu, mtu anapokwenda kuomba radhi.

Katika karne ya 4, huko Sketi, jangwani Misri, waliishi watawa wengi, akiwamo Abba (yaani Baba) Musa, aliyekuwa jambazi kabla ya kuokoka. Ndugu mmoja alianguka katika kosa, wazee wakakutana kumhukumu, wakamwita Musa. Akakataa. Walipomtumia mjumbe, aliondoka amebeba chombo kinachovuja, kimejaa maji. Wakamwuliza maana yake, akawaambia kwamba dhambi zake zinachuruzika nyuma yake asizione, naye leo anakuja kuhukumu makosa ya mwingine. Wakamsamehe yule ndugu. Musa hakusema kosa halikuwa kosa. Alikataa tu kuketi mahali ambapo angejisahau.

Basi, ukishatengeneza ya kwako, nenda kwa dada huyo. Nenda peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, wala usimtangulizie mtu mwingine neno. Usimwambie "watu wanasema." Mweleze ulichosikia kwa masikio yako, na madhara uliyoyaona. Mwambie pia kwamba vita hiyo unaijua kwa sababu nawe unaipigana. Paulo anawaandikia Wagalatia wamrejeze mtu aliyeghafilika "kwa roho ya upole," huku kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa yeye mwenyewe. Lengo ni kumrejeza. Ukienda na lengo la kumshinda, ni afadhali ubaki nyumbani uombe tena.

Neno moja zaidi, na hili usilichanganye na mengine. Ukiona mtu anapigwa, mtoto anadhulumiwa, au mwenye cheo anawanyonya walio chini yake, usianze kuhesabu makosa yako kwanza. Mkimbilie anayeumizwa, mwite mwenye mamlaka, toa ushahidi. Wapo wanaolitumia "msihukumu" kama kufuli la kuwafungia walioonewa midomo, na Bwana hakulisema neno hilo kwa ajili hiyo kamwe. Kujichunguza kutakuzuia usilipize kisasi na usizidishe chumvi, lakini kusikufanye umwache mnyonge.

Huyo dada sasa. Inawezekana atapokea, inawezekana atakukasirikia. Huenda akakujibu kwa kukutajia makosa yako, tena yale ambayo hukuyategemea. Usijitetee papo hapo. Msikilize mpaka mwisho, na kama lipo la kweli ndani yake, likubali mbele yake hata kama amelisema kwa ubaya. Kisha rudi kwenye jambo lililokupeleka, ulimalize kwa upole, na msali pamoja kama yuko tayari.

Ukishaonana naye niandikie uko salama. Atakayokuambia yabaki kati yenu, hata mimi usinieleze. Nawaombea nyote wawili.

Mama yako akupendaye.