Mvua Inaisha Lini?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Utabiri wa hali ya hewa wa miezi ya kiangazi unamfaa nini mkulima, wakati mvua zimeshakatika na mazao yameshatoka shambani?" Mimi nalima wilayani Magu, mkoani Mwanza, upande wa Nyanguge: pamba kwenye ardhi ya juu, mpunga majarubani, na dengu mbugani, kwenye udongo mweusi, mvua za masika zinapoelekea ukingoni. Jibu langu ni kwamba huo ndio utabiri ninaousubiri kuliko wote, na naomba kwanza nipingane na nusu ya pili ya swali. Kwetu mvua zikikatika mazao bado yako shambani, na hapo ndipo hatari yake inapoanza.

Tazameni shamba la kwetu mwezi Mei. Pamba iliyopandwa kati ya Novemba 15 na Desemba 15, kama tunavyoelekezwa kila msimu, imeanza kupasuka. Mpunga umeinamisha masuke. Akina mama wanachimba viazi na kuvikata michembe, na kule kwenye udongo mweusi watu wanapanda dengu. Shughuli zote hizo zinategemea kujua jambo moja, mvua ya mwisho itanyesha lini. Lakini sikilizeni mazungumzo yetu, redioni na kijiweni: tunaulizana mvua inaanza lini, mvua ni kubwa au ndogo. Mwisho wake tunauachia Mungu peke yake, nasi tumelala.

Nianze na pamba, kwa kuwa ndiyo inayotupa ada za shule. Tumba likishapasuka nyuzi ziko nje, hazina ganda la kuzikinga. Mvua moja ya usiku inarusha udongo hadi kwenye matumba ya chini, weupe unapotea, na unyevu ukikaa siku kadhaa ukungu unaingia. Kwa karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika kinachonunua pamba, pamba ni za aina mbili tu, safi na fifi, yaani iliyochafuka. Kazi ya miezi sita, kupalilia, kupulizia dawa, kulipa vibarua, inahukumiwa kwa rangi. Mkulima aliyesikia kwamba ndani ya siku kumi zijazo kuna mvua za nje ya msimu huita vibarua leo, akachuma kilichopasuka, akaanika kwenye chanja chini ya paa. Asiyesikia husubiri shamba lote lipasuke achume mara moja kuokoa gharama. Bidii wanaweza kuwa nayo sawa. Wanachotofautiana ni taarifa.

Mpunga una ugonjwa wake. Ukishakauka, ukalowa, ukakauka tena, punje inapata nyufa ndani ambazo jicho halizioni. Mashineni ndipo unapojua: mchele unatoka chenga. Ndiyo maana mpunga uliokatwa na kulazwa jarubani wakati wingu linajikusanya ni jambo la kukimbilia turubai hata kama ni saa nane za usiku.

Sasa dengu, na hapa naomba mnivumilie, maana ni zao ambalo halisemwi vya kutosha. Wasomaji wa mikoa mingine huenda wanalijua sokoni tu. Dengu hazipandwi kwa mvua, zinapandwa kwa kuondoka kwa mvua. Udongo wa mbuga ni mfinyanzi mzito, unashika maji kwa miezi, na dengu zinaishi kwa maji hayo yaliyobaki chini, bila tone jingine kutoka juu. Ukiwahi kupanda na mvua ikaendelea, mbuga inatuama maji, mbegu inaoza, na iliyobahatika kuota inapata mnyauko au inaota majani mengi na maua machache. Ukichelewa, mbuga inaanza kupasuka, unaona mipasuko ya kuingiza mkono, na mzizi mchanga unakutana na ukavu kabla haujafika kwenye unyevu. Kati ya kuwahi na kuchelewa kuna nafasi finyu sana, mwisho wa Aprili na Mei. Mtu akiniambia utabiri wa kiangazi hauna kazi, nampeleka kwenye shamba la dengu la jirani aliyepanda kabla ya mvua kubwa ya mwisho. Na mbegu ya dengu haina bei ya kuchezea.

Wazee hawakuwa wajinga katika hili. Walikiangalia Kilimia, zile nyota zilizosongamana, ambazo mwezi Mei hupotea kwenye mwanga wa jua na kurudi alfajiri ya Juni. Waswahili wa pwani wanasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mama yangu huangalia upepo wa asubuhi kutoka ziwani na unyevu wa mawe. Siku moja nilimwambia redio imesema hakuna mvua, akanijibu, "Mwanangu, redio hiyo imesema Mwanza. Mwanza ipi?" Kisha akafunika michembe yake iliyokuwa imeanikwa kwenye majabali. Nilikaa nalo sana swali lile, kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kuuliza utabiri unatengenezwaje.

Mwanza ipi, kweli. Ukerewe ni kisiwa katikati ya maji, Kwimba haina hata ufuko mmoja, na zote zinatajwa kwa pumzi moja. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 69,000, ni kubwa kiasi cha kujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka nchi zote zinazolizunguka kuelekea ziwani, hewa ikakutana katikati na kupanda juu, radi zikaanza. Alfajiri mvua hizo ziko juu ya maji na visiwani. Mchana mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani, mawingu yanajengeka bara. Na kwa kuwa upepo mkuu unatoka mashariki, sehemu kubwa ya mvua hizo husukumwa magharibi, ndiyo sababu Bukoba inapata kwa mwaka karibu mara mbili ya tunayopata Mwanza mjini. Ziwa ni moja, lakini mvua inategemea uko upande gani. Mtabiri anayetoa sentensi moja kwa kanda nzima hasemi uongo, ila hawezi kusema kinachotokea jarubani kwangu.

Kuna jambo jingine linalotutesa, ule upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Congo. Juni ukanda mkuu wa mvua umeshakwenda kaskazini mwa ikweta, upepo wa kusi ni mkavu, kila mtu ametandika turubai. Kisha upepo unageuka siku mbili tatu, unaingia kutoka magharibi, na mvua inanyesha katikati ya mavuno. Hakuna mtabiri anayeweza kuiona mvua ya namna hiyo mwezi Februari, Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa masika. Inaonekana siku chache kabla. Saa chache kabla inaonekana hata kwenye rada iliyoko Kiseke, wilayani Ilemela, hapa hapa Mwanza. Kwa hiyo anayelaumu utabiri wa msimu kwa mvua ya Juni analaumu karatasi isiyohusika. Ile inayohusika ni taarifa ya siku kumi kwa ajili ya kilimo, na kijijini kwetu wengi hawajawahi kuiona.

Hata huo utabiri wa msimu tujifunze kuusoma. Wakisema mvua zitakuwa za wastani, maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha miaka mingi. Mahali panapopata milimita 400 kwa msimu, milimita 300 ni wastani na milimita 500 pia ni wastani. Kwa mahindi hiyo ni tofauti ya debe na gunia. Na milimita hizo hizo zikija kwa wiki tatu na kuondoka, au zikigawanyika vizuri hadi Mei, jumla inafanana ila ghala halifanani. Ndiyo maana nasema kiasi si swali la kwanza. Mwelekeo wa msimu hutaja pia wiki ambazo mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha. Vyombo vya habari vinasoma kichwa, "mvua za wastani hadi juu ya wastani", na kile kipengele cha kuisha kinabaki kwenye karatasi.

Haki yao watabiri nao wapewe. Vuli inasomeka vizuri kuliko masika, kwa sababu vuli imefungamana na joto la bahari. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, au El Niño ikiwa Pasifiki, uwezekano wa vuli kubwa unapanda. Mwaka 2019 ndivyo ilivyokuwa: vuli ilimwaga, ikaungana na masika, na kufika Mei 2020 ziwa likavuka kiwango chake cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964. Bustani za mboga zilizokuwa zikitegemea kiangazi ufukweni zilikwenda na maji, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayotaka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli, ikaeleweka kwa watu ambao hawakuwahi kuisoma. Masika haina bahari moja ya kuishika mkono. Machi mwaka huo huo wa 2019 kimbunga Idai kilipokuwa Msumbiji kilivuruga upepo na unyevu wa ukanda wetu, mvua zikachelewa. Hakuna aliyeweza kukitaja kimbunga hicho Februari. Utabiri unahitaji kusahihishwa njiani, na masahihisho hayana faida yasipomfikia mtu mwenye jembe.

Kuna ule mwingine, mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ambao wengi wanadhani ni wa watu wa Njombe na baridi yao. Sisi wa bustani za kiangazi unatuhusu. Kukiwa na ubaridi na unyevunyevu, nyanya zinashambuliwa na ukungu wa majani. Kukiwa na joto kavu anakuja kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, anatoboa majani na matunda, na utitiri mwekundu nyuma yake. Dawa ya ukungu haiui kantangaze. Mtu akijua mapema miezi inayokuja inaelekea wapi, ananunua dawa moja iliyo sahihi badala ya kupulizia kila kitu kwa hofu. Nyanya hizo zinaliwa na watoto wa Mwanza mjini, wala si jambo la mkulima peke yake.

Vivyo hivyo mahindi na karanga. Zikivunwa zikilowa na kuhifadhiwa mbichi, zinaota kuvu wanaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo huko Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kwa asiye na kipimo cha unyevu, njia ya chumvi inatosha: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka, rudisha juani. Sasa jua lenyewe litakuwepo siku ngapi? Tunarudi kwenye utabiri.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, mwelekeo wa masika unapotangazwa, tarehe za kuisha zitajwe kwa uzito ule ule wa tarehe za kuanza, na zitajwe kwa wilaya, siyo kwa kanda. Pili, kila shule ya msingi iwe na kipimamvua na mwalimu mmoja wa kuandika, maana ukitaka kumtabiria Magu lazima uwe umempima Magu. Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza, taarifa ya siku kumi ifike AMCOS. Kuanzia Mei kila mkulima wa pamba anapita pale, anapanga foleni, anasubiri kupimiwa. Hakuna mahali pengine vijijini kwetu ambapo watu wote wanasimama saa nzima mbele ya ukuta mmoja. Ibandikwe pale, kwa Kiswahili chepesi, na bwana shamba aisome kwa sauti kwa ajili ya wale wasioona herufi ndogo. Na kwa kuwa wanachama hukutana kabla ya ununuzi kufunguliwa, hali ya hewa iwe ajenda ya mkutano huo, itangulie ile ya mizani.