Jibu: Binti yangu anasema "ni utani tu"

Dada yangu, umeuliza kwa nini binti yako wa kidato cha pili anasema "ni utani tu" wenzake wanapomcheka mtandaoni, ilhali usiku analia, na mwalimu anakwambia hayo ni mambo ya nyumbani. Nafundisha sekondari, na yamenikuta. Mwanafunzi wangu alipigwa picha akisinzia darasani, mdomo wazi. Jioni ikawa stika ya WhatsApp. Kila akiandika neno kwenye grupu, anajibiwa kwa stika ile. Sisi walimu tulikuwa tunatafuta matusi, hatukuyaona. Mama yake alidhani dawa ni kumnyang'anya simu, na hapo ndipo watoto wanaponyamaza: wengi wanaogopa kupokonywa simu kuliko kuchekwa.

Tafadhali usimpokonye. Kaa naye, mwache akuonyeshe mwenyewe, pigeni skrinshoti za stika na jumbe hizo kabla hazijafutwa, kisha mpelekee mwalimu wa malezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 23, inautaja uonevu huu wa mtandaoni kuwa kosa, ila kwa watoto wenzake mimi ningeanza na wazazi wao. Akizidiwa, namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, anaweza kupiga mwenyewe.