Kifurushi cha GB 1 kuisha kabla ya siku mbili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kifurushi cha wiki ulichozoea, ambacho zamani kilikufikisha Ijumaa, sasa kinaisha Jumatatu usiku ilhali unaingia WhatsApp tu. Hasira yako ninaielewa, na ni halali. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilisitishwa hapa Tanzania kwa sababu wananchi walilalamika.

Hata hivyo, kabla ya kulalamika, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone ni programu ipi inayokula zaidi. Mara nyingi utakuta ni video za makundi zinazojipakua zenyewe, ambazo wengine hata hatuzitazami. Ndani ya WhatsApp, nenda kwenye hifadhi na data, uondoe alama zote za kupakua picha, sauti na video unapotumia data ya simu. Masasisho ya programu yaruhusu kwenye Wi-Fi pekee, na video za YouTube zitazame kwa ubora wa chini wa 360p.

Ikiwa hesabu ya simu bado itapishana sana na ya mtandao wako, piga picha ya skrini, uwaandikie huduma kwa wateja; wasipokujibu ipasavyo, peleka malalamiko TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.