Kwa nini Phaethon aliuawa?

SWALI: Mwanangu anauliza kwa nini Phaethon aliuawa, ilhali baba yake ndiye aliyemkabidhi gari la jua. Nimjibu nini? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Ndugu msomaji, katika hekaya za Wagiriki wa kale, Helios, mungu wa jua na baba yake Phaethon, alikwisha kuapa kwa mto Styx, kiapo ambacho hata mungu hakivunji, kabla hajajua kijana ataomba nini; alipomsihi achague zawadi nyingine badala ya kuendesha gari hilo, kijana alikataa. Farasi, walipohisi gari ni jepesi kuliko kawaida, waliacha njia na kushuka mno, mito ikakauka na Libya ikawa jangwa (ninyi mnaongoja mvua za Desemba mtaielewa picha hiyo upesi). Zeus, mfalme wa miungu, alimpiga Phaethon kwa radi ili kuiokoa dunia inayoungua, naye akaangukia mto Eridanus, ambako dada zake waligeuka miti inayodondosha machozi ya kaharabu.